Makosa ya Sarufi ya Kiingereza kwa Msemaji wa Kiswahili: Kutoka kwenye Dalili Hadi kwenye Chanzo

Mtu anayeandika "He has slept" akitaka kusema kwamba baba amelala chumbani hajakosea kwa uzembe. Amelitafsiri neno "amelala" kwa uaminifu, akakipa kila kiambishi haki yake. Kosa limetokea kwa sababu -me- ya Kiswahili na "has" ya Kiingereza hazifanyi kazi moja, ingawa shuleni huwekwa kwenye jedwali moja kana kwamba ni pacha.

Kwa miaka mingi nimesahihisha insha za wanafunzi wa sekondari na barua za watu wazima wanaosoma jioni baada ya kazi, na ninaamini kabisa kwamba sehemu kubwa ya makosa yao yana mpangilio. Yanafuata sarufi, ila sarufi yenyewe ni ya Kiswahili. Ndiyo maana orodha ndefu za "usiseme hivi, sema hivi" husaidia kwa muda mfupi tu: humkataza mwanafunzi sentensi moja bila kumwonyesha ilikotoka, naye akikutana na sentensi nyingine ya ukoo ule ule hukosea tena. Kiambishi kimoja cha Kiswahili kinaweza kuzaa makosa kumi ya Kiingereza, na anayekitambua kiambishi hicho huanza kuyaona makosa yote kumi kabla hayajafika kwenye karatasi. Kwa mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu hadi Darasa la Saba amefundishwa hesabu, sayansi na jiografia kwa Kiswahili, kisha anapoingia Kidato cha Kwanza masomo hayo hayo humjia kwa Kiingereza.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili, yaani sentensi zenye kosa kama zinavyoonekana kwenye madaftari. Tafuta ile inayofanana na yako, usome chanzo chake, kisha ujaribu kipimo kilichotolewa kwenye sentensi zako mwenyewe.

"I have arrived yesterday", "She has worn a red dress", "I live in Mwanza since 2015"

Sentensi mbili za kwanza zina -me- ndani yake, lakini vyanzo vyake ni viwili, kwa sababu -me- hueleza tendo lililokamilika na pia hueleza hali ambayo mtu yumo sasa baada ya tendo hilo kukamilika.

Katika kazi ya kwanza, msemaji wa Kiswahili ana uhuru wa kutaja wakati. "Nimefika jana" husikika kila siku, hata kama mwalimu wa insha angependelea "nilifika jana". Kiingereza hakitoi uhuru huo. Ukishatumia "have" au "has", huwezi kutaja wakati maalumu ambao umekwisha, kama vile "yesterday", "last week" au "in 2019". Jiulize kama sentensi yako ina jibu la swali "lini?", na kama wakati huo umefungwa. Ukiwa umefungwa, andika "I arrived yesterday". Ukiwa bado haujafungwa, "have" inaruhusiwa, na ndiyo maana "I have seen him twice this week" ni sahihi: wiki bado inaendelea.

Kazi ya pili ndiyo inayosumbua zaidi, wala haielezwi vya kutosha madarasani. Amevaa, amekaa, amesimama, amelala, amechoka, amepiga magoti: yote haya kwa Kiswahili ni hali za sasa. Kiingereza huzieleza kwa kitenzi cha kuwa, yaani "She is wearing a red dress", "He is sitting", "He is standing", "He is asleep", "I am tired". "Nimeelewa" nayo huwa "I understand" au "I see", kutegemea mazungumzo. Kosa hili huweza kubadilisha maana kabisa. Mtu akipiga simu kumtafuta baba yako, nawe ukamjibu "He has slept", anaweza kuelewa kwamba baba alishalala akaamka, akaendelea kusubiri apewe simu. Kipimo ni kuuliza kama mtu huyo bado yumo katika hali hiyo wakati unapozungumza. Jibu likiwa ndiyo, usitumie "has".

Sentensi ya tatu imeanguka upande wa pili. "Ninaishi Mwanza tangu 2015" ni Kiswahili safi kilicho katika wakati uliopo, lakini Kiingereza kinadai "have" pale jambo linapoanza zamani na kuendelea hadi leo: "I have lived in Mwanza since 2015". Neno "since" hufuatwa na mwanzo wa muda, na "for" hufuatwa na urefu wake, kwa hiyo tunasema "since 2015" lakini "for ten years".

"I am knowing him", "I am having two children", "I go to Morogoro now"

Kiambishi -na- kinabeba mzigo ambao Kiingereza kimeugawa mara mbili. "Ninasoma" inaweza kuwa tendo la dakika hii au shughuli ya maisha, na kwa Kiswahili muktadha unatosha kutofautisha. Kiingereza kinadai uchague: "I am reading" kwa sasa hivi, "I read" kwa desturi.

Bahati nzuri Kiswahili chenyewe kina kipimo, nacho ni hu-. Kama -na- ya sentensi yako inaweza kuondolewa na hu- ikawekwa bila kuharibu maana, tumia wakati uliopo wa kawaida. "Mama anauza samaki Feri" ikiwa na maana ya "mama huuza samaki Feri", andika "My mother sells fish at Feri". Ikiwa unamwona sasa hivi akiwa na beseni lake, hu- haiingii, na sentensi huwa "My mother is selling fish".

Kipimo hiki kina mpaka. Vitenzi vya Kiingereza vinavyoeleza hali ya akili, hisia au umiliki, kama know, understand, believe, want, need, love, own na belong, kwa kawaida havichukui -ing hata kama jambo linatokea sasa. "Ninataka maji" ni "I want water", si "I am wanting". "Have" yenye maana ya kumiliki imo katika kundi hili, lakini ikiwa na maana ya kula au kufanya huchukua -ing, kwa hiyo "I am having lunch" ni sahihi na "I am having two children" si sahihi.

"She go to work", "He did not went"

Kiswahili hutambulisha nafsi mwanzoni mwa kitenzi, tena kwa kila nafsi: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Kiingereza cha wakati uliopo kimebakiza alama moja tu, -s ya nafsi ya tatu umoja, na kimeiweka mwishoni. Akili iliyolelewa na Kiswahili hulitazama neno kutoka mbele, na ikishaona "she" huridhika kwamba a- imeshatajwa. Kusoma sheria tena hakusaidii sana hapa, kwa maana hakuna anayeisahau sheria yenyewe. Ninachowaagiza wanafunzi ni kupitia kazi yao mara moja kwa ajili ya -s peke yake, wakitazama miisho ya vitenzi tu na kuacha kila kitu kingine.

Kwa "did not went", Kiswahili kinatoa tiba. Tazama "alikwenda" na "hakwenda". Tunapokanusha, -li- ya wakati uliopita inaondoka, kwa kuwa kukanusha kwenyewe kumeshabeba wakati. Kiingereza hufanya hivyo hivyo: "went" ina wakati uliopita ndani yake, na "did" ikija inauchukua wakati huo wote, kitenzi kinarudi kwenye umbo lake tupu. Kwa hiyo "He did not go", na katika swali "Did he go?". Vilevile "does" ikishachukua -s, kitenzi hakiirudii: "Does she work here?".

"I bought car", "The life is hard", "a hour"

Hili ndilo tatizo gumu kuliko yote humu, na ni vyema kulikubali hivyo. Kiswahili hakina vineno vinavyolingana na a, an na the, na waliozoea lugha isiyo navyo huviacha mwanzoni, kisha wakishasahihishwa mara nyingi huanza kuvimwaga kila mahali. "The life is hard" ni dalili ya hatua hiyo ya pili, na aliyefika hapo amepiga hatua, hata kama alama zake hazionyeshi hivyo.

Hata hivyo si kweli kwamba Kiswahili hakijui tofauti kati ya kitu chochote na kitu kinachojulikana. Linganisha "nilinunua kitabu" na "nilikinunua kitabu". Sentensi ya kwanza inamletea msikilizaji kitabu kipya katika mazungumzo. Ya pili, yenye -ki- ya mtendwa, inazungumzia kitabu ambacho yeye nami tunakijua. Ya kwanza ni "I bought a book", ya pili ni "I bought the book". Kwa hiyo unapoandika Kiingereza, jiulize kwa Kiswahili kama ungeweka kiambishi cha mtendwa, au kama ungesema "kile kitabu". Ikiwa ungefanya hivyo, andika the. Ikiwa usingefanya hivyo, na kitu ni kimoja chenye kuhesabika, andika a au an. Kipimo hiki hufaa kwa vitu, lakini hakitegemeki kwa watu, kwa sababu -m- na -wa- huwekwa hata pale mtu asipojulikana: tunasema "nilimwona mtu" kwa "I saw a man". Kwa watu, tumia jaribio la "yule mtu".

Jambo likitajwa kwa ujumla wake, bila kumaanisha sehemu fulani, the huachwa: "Life is hard", "Teachers work long hours", "Rice is expensive". The ikirudi, maana hubana: "The rice is expensive" ni mchele huu ulioko mbele yetu, au ule tulioutaja.

Majina ya mahali yana desturi zake, na hapa inabidi kukariri. Mlima mmoja na ziwa moja havichukui the: Mount Kilimanjaro, Lake Victoria. Safu za milima, mito, bahari na visiwa vilivyotajwa kwa wingi huchukua: the Usambara Mountains, the Rufiji, the Indian Ocean, the Comoros. Nchi nyingi hazichukui, isipokuwa zile ambazo jina lake lina neno kama jamhuri, ufalme au majimbo, kama the United States na the Democratic Republic of Congo.

Kuhusu a na an, sikiliza sauti, usitazame herufi. H ya "hour" haitamkwi, kwa hiyo "an hour". "University" huanza kwa sauti ya "yu", kwa hiyo "a university", kama "a European". Mbunge kwa kifupi ni "an MP", kwa kuwa M hutamkwa "em".

"Informations", "advices", "my hairs", "the news are good", "a trouser"

Ngeli za Kiswahili zinaamua kinachohesabika, na Kiingereza kimeamua vingine. "Vifaa" ni wingi, basi tunaandika "equipments". "Mizigo" ni wingi, basi "luggages". Nywele zina upatanisho wa wingi, basi "my hairs are long". Habari nazo tunazisalimia kwa wingi, "habari zenu?", na hivyo "the news are good" inaonekana kuwa na adabu kuliko "the news is good", ambayo ndiyo sahihi. Upande wa pili, suruali moja na mkasi mmoja kwetu ni umoja, lakini Kiingereza huvihesabu kwa pande zake mbili na kusema trousers na scissors. Ukitaka moja, sema "a pair of trousers".

Hakuna kanuni ya kukisia hapa, lakini kuna chombo. Kamusi nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza huweka herufi C kando ya nomino inayohesabika na U kando ya isiyohesabika. Ukikutana na U, usiongeze -s wala usiweke a. Unapotaka kuhesabu, tumia "a piece of": "a piece of advice", "two pieces of luggage".

"Explain me this", "Add me sugar", "Borrow me your pen"

Kauli ya kutendea ni moja ya hazina za lugha yetu. Kwa kiambishi kifupi tu, kitenzi chochote kinapokea mtu anayefanyiwa jambo: niletee, nipikie, nielezee, niongezee, nipendekezee. Mwanafunzi akikuta Kiingereza kinaruhusu "bring me", "cook me" na "tell me", anahitimisha kwamba kitenzi chochote kinaruhusu, na hitimisho hilo lina mantiki. Kiingereza hata hivyo kina ubaguzi katika jambo hili. Vitenzi vifupi vya asili yake ya zamani, kama give, send, show, tell na bring, kwa kawaida humpokea mtu moja kwa moja. Vingi vya vile virefu vilivyoingia kutoka Kilatini na Kifaransa, kama explain, describe, suggest, announce na recommend, hutaka to mbele ya mtu: "Explain this to me", "Describe the place to me". Wapo wanaovunja utaratibu huu, kama offer na promise, lakini ukiwa na shaka kuhusu neno refu, weka to.

"Add me sugar" ni "niongezee sukari" neno kwa neno. Mhudumu wa mgahawa wa Nairobi atakuletea sukari bila kushangaa, na sioni sababu ya mtu kuona aibu kuisema huko. Katika mtihani au mbele ya mgeni andika "Could I have some more sugar?". Nayo "Borrow me your pen" inatokana na kuazima, kitenzi ambacho kwetu hutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea. Kiingereza kimetenganisha: anayetoa ni lend, anayepokea ni borrow. Fikiria kopesha na kopa, ambavyo kwa Kiswahili pia ni viwili, na tofauti itakaa sawa.

"Contact with me", "married with a doctor", "reach at home"

Chanzo cha makosa haya ni maneno mawili yenye kazi nyingi mno, "na" na "kwa", pamoja na kiambishi -ni cha mahali.

Neno "na" linatafsiriwa and, with, by, to na from kutegemea kitenzi kilicho mbele yake. "Wasiliana na" humzalia mwandishi "contact with", wakati contact haitaki chochote: "Contact me". "Ameolewa na daktari" humzalia "married with", wakati Kiingereza ni "married to". "Tofauti na" huzaa "different with", badala ya "different from". "Jadiliana kuhusu" huzaa "discuss about", badala ya "discuss" peke yake, ingawa "talk about" ni sahihi. Kila kitenzi cha Kiingereza kikaririwe pamoja na mkia wake, au pamoja na ukosefu wa mkia. Mimi huwashauri wanafunzi wasiandike kamwe neno "married" kwenye daftari la msamiati, waandike "married to".

Kuhusu -ni, "shuleni" haijulishi kama unakwenda, unatoka au upo. Kitenzi ndicho kinachojulisha. Kiingereza kinaweka habari hiyo kwenye kihusishi: to school, from school, at school. Penye shida ya kuchagua kati ya in, on na at, tafuta msaada wa po, ko na mo. Ukiweza kusema "imo", kama "kalamu imo mfukoni", andika in. Ukisema "ipo" na kitu kimekaa juu ya kingine, kama "ipo mezani", andika on. Mtu aliyesimama mlangoni hayumo ndani ya mlango wala hakuukalia, naye yuko "at the door". "Reach" ni kama "contact": "I reached home".

"My mother she sells clothes", "The man whom I saw him", "The rain is raining"

Kitenzi cha Kiswahili hakisimami bila kiambishi cha nafsi, hata pale mtenda anapotajwa kwa jina. "Mama anauza" ina mama na ina a-. Anayeitafsiri a- huandika "My mother she sells". Hali ni hiyo hiyo katika urejeshi: "mtu niliyemwona" ina -ye- na ina -mw-, na -mw- hiyo ndiyo "him" iliyozidi katika "The man whom I saw him". Kata moja: "My mother sells clothes", "The man I saw". Angalia pia kwamba Kiswahili huacha kihusishi ambacho Kiingereza hukitaka: "shule niliyosoma" ni "the school I studied at", au "the school where I studied".

Kuchanganya he na she kunatokana na a- na yeye, ambazo hazitofautishi mwanamume na mwanamke. Kosa hili hutokea zaidi katika mazungumzo ya haraka, hata kwa watu wenye shahada, wala halina dawa nyingine zaidi ya kumwona mtu mwenyewe akilini kabla ya kufungua kinywa.

"The rain is raining" na "There is cold" ni "mvua inanyesha" na "kuna baridi". Kiingereza hutumia it isiyomaanisha kitu chochote: "It is raining", "It is cold".

"If I would have money, I would buy a farm"

"Ningekuwa na pesa, ningenunua shamba." Nge mbili, zinazolingana kama mabega. Kiingereza kinaruhusu would upande mmoja tu, ule wa matokeo, na upande wa sharti hutumia wakati uliopita: "If I had money, I would buy a farm". Kwa jambo lililokwisha kupita, yaani -ngali-, sharti huwa had na matokeo huwa would have: "If I had known, I would have come". Na kwa jambo linalowezekana, tafsiri -ki- badala ya "kama uta-". "Ukija kesho" ni "If you come tomorrow", lakini "kama utakuja kesho" ndiyo inayozaa "If you will come".

Jozi nyingine za Kiswahili ambazo Kiingereza hukata nusu yake ni "ingawa … lakini" na "kwa sababu … kwa hiyo". Andika although au but, usiandike zote mbili katika sentensi moja. Ndivyo ilivyo kwa because na so.

"He is tall than me", "more better"

Kivumishi cha Kiswahili hakibadiliki katika ulinganisho, kazi yote hufanywa na kuliko au zaidi. Kiingereza hubadilisha kivumishi chenyewe: kifupi huchukua -er, kirefu huchukua more, na hakuna kinachochukua vyote viwili. "Taller than", "more expensive than", "better than".

"Haven't you eaten?" "Yes."

Hapa sarufi inagusa maisha ya watu. Ukiulizwa "Hujala?" nawe hujala, jibu la kawaida ni "Ndiyo, sijala", kwa maana unakubaliana na maneno ya muulizaji. Kwa Kiingereza jibu hufuata ukweli wa jambo, halifuati umbo la swali: kama hujala, ni "No, I haven't". Muuguzi wa ughaibuni akimuuliza mgonjwa "You're not allergic to penicillin?", naye mgonjwa asiyedhurika na dawa hiyo akajibu "Yes", anaweza kuandikiwa kinyume cha anachomaanisha. Usijibu swali la kukanusha kwa neno moja. Jibu kwa sentensi nzima, "No, I'm not allergic", na utata utaisha.

Ukoo wa tatizo hili ni "isn't it?" inayobandikwa kila mahali kwa sababu "sivyo?" yetu haibadiliki. Kiingereza hufuata kitenzi na nafsi: "You are coming, aren't you?", "She works here, doesn't she?".

Dalili ambayo haimo humu

Ukisahihishwa sentensi usiyoielewa kosa lake, itafsiri kurudi kwenye Kiswahili, neno kwa neno. Ikirudi ikiwa Kiswahili cha ovyo, chanzo kiko ndani ya Kiingereza chenyewe: umepanua kanuni yake kupita mpaka, kama katika "childrens", "he can sings" au "he goed". Makosa ya aina hii hata watoto wa Kiingereza huyafanya, na dawa yake ni kukariri neno lililo nje ya kanuni.

Ikirudi ikiwa Kiswahili kizuri, chanzo umekishika. Chukua "I look forward to see you", kosa linalofunga barua nyingi sana za kuomba kazi. Irudishe: "Ninatazamia kukuona." Hakuna ubaya wowote. Basi tazama kila kiambishi, utaona kwamba ku- ya "kukuona" inafanya kazi mbili. Ni ya kitenzi, kama katika "ninataka kukuona", na ni ya nomino, kama katika "kukuona kumenifurahisha". Kiingereza kimezitenga kazi hizo: ya kwanza ni "to see", ya pili ni "seeing". Sasa uliza ni ipi inayohitajika baada ya "look forward to". Weka nomino ya kawaida mahali hapo: "I look forward to the interview". Inakubali nomino, kwa hiyo ku- hiyo ni ya nomino, na barua yako hufungwa kwa "I look forward to seeing you". Jaribu vivyo hivyo kwa "I enjoy to swim", "I am used to wake up early" na "Thank you for help me".